Karatasi za Kwenda Mombasa

Lyon, tarehe 4 Januari 2026

Mdogo wangu Léoncie,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo mwaka huu imeamua kutumaliza. Sisi tu wazima. Mke wangu Bénita anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu kidogo. Watoto wanakua, mkubwa amenipita mabega na siku hizi ukimwita kusali anajifanya hasikii. Natumaini mama analala vizuri, mdogo wetu Olive anasoma, na vitenge vyako pale soko la Birere vinapata wanunuzi.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu unajua simu ya kwetu ilivyo. Nikipiga, mama anaiweka kwenye sauti kubwa, majirani wanaingia, na kila mtu wa mtaa wa Katindo anataka kujua kama Ulaya kuna theluji. Jambo hili linataka utulivu. Natuma kwa sanduku la posta la Théogène, yule mchuuzi wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na wewe ukijibu, mpe yeye anapovuka na mizigo yake.

Nimeamua kwamba likizo kubwa ya mwaka huu familia nzima itakutana pwani ya Kenya. Nyinyi watatu kutoka Goma, sisi wanne kutoka hapa. Tarehe 12 Julai tunakutana Mombasa. Tutakaa wiki moja mjini, tutaona ngome ya Wareno na mitaa ya zamani, kisha tutavuka kwa kivuko cha Likoni kwenda Diani. Huko nimekodi nyumba ya vyumba vinne. Ukifungua mlango wa nyuma unakanyaga mchanga mweupe. Mwisho tutapanda mpaka Malindi, siku nne, halafu kila mtu anarudi kwake.

Kazi yako ni karatasi za kusafiria: yako, ya mama na ya Olive. Anza sasa, usingoje Juni. Mama asije na magauni ya Misa peke yake, atafute nguo nyepesi. Olive afundishwe kuogelea ziwani, maana bahari haina mchezo. Nunueni mafuta ya kujikinga na jua, mkikosa nitawaletea.

Miaka kumi na tano sijamwona mama. Olive sijamwona hata siku moja, ana miaka kumi na tatu na ananiita kaka kwa simu tu. Basi fanya haraka.

Ndimi kaka yako anayehesabu siku,
Luc


Goma, Katindo, tarehe 2 Februari 2026

Yaya Luc, kaka mkubwa,

Barua yako imefika baada ya siku ishirini na sita, kona moja imelowa kwa sababu Théogène alivuka mpakani kwenye mvua. Mama yupo, magoti yanamsumbua akipanda ile njia ya mawe. Olive amekuwa wa tatu darasani. Pale Birere watu wanashika vitenge, wanavisifu, wanavikunja vizuri na kunirudishia. Hizo ndizo habari, na nimekusalimu kama tulivyofundishwa. Sasa nikwambie.

Kesho papa, baba yetu, anatimiza mwaka mmoja tangu alipotutoka. Umeniandikia kurasa tatu, na jina lake halimo hata mara moja. Kuna mchanga, kuna kivuko, kuna mafuta ya kupaka mwilini. Papa hayumo. Nimesoma mara mbili nikidhani labda nimeruka mstari.

Wakati ule vita imeingia mjini, hospitali zimejaa, na papa anakufa kwa presha kwenye godoro la chini, wewe ulisema uwanja wa ndege umefungwa. Kweli ulikuwa umefungwa, na mpaka leo umefungwa. Lakini njia ya Kigali ilikuwepo. Watu walioko Canada walikuja kuzika watu wao kwa njia hiyo. Mimi nilitafuta mbao za jeneza siku ambayo maseremala wote walikuwa wamezidiwa na kazi. Wewe ulituma sauti ya dakika moja ukilia. Mama aliisikiliza mpaka simu ikazima.

Na sasa unataka mama mwenye magoti mabovu akae kwenye basi siku mbili ili akufuate Mombasa. Ndege za Ulaya si zinashuka Kigali? Kutoka Kigali mpaka kwenye mlango wetu ni nusu siku. Tuna ziwa hapa, kama ni maji unayotaka. Kuna samaki wadogo wa sambaza wabichi, kuna kitanda chako, na kaburi la papa liko pale pale tulipomwacha. Kwa nini uipite Goma juu kwa juu kama tuna ugonjwa?

Lakini mama amefurahi, na hilo ndilo linalonichoma. Ameshaeleza parokia nzima. Amenunua kofia pana ya jua, ameivaa jikoni akisonga ugali. Siwezi kumvua mama kofia. Kwa hiyo karatasi nitazitafuta, kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Nijibu swali moja tu: kwa nini si Goma?

Léoncie


Lyon, tarehe 27 Februari 2026

Léoncie,

Nakusalimu hata kama wewe salamu zako umezitupa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Huku mvua haiishi. Mtoto mdogo alikuwa na homa wiki nzima, sasa anacheza. Mpe mama pole ya magoti.

Umenitukana. Wewe unadhani huku tunaokota maisha barabarani. Naamka saa kumi alfajiri kufua mashuka ya wagonjwa, mashuka yenye damu na mengine nisiyoweza kuandika, na narudi nyumbani mikono imebabuka kwa dawa. Likizo yangu ya kiangazi ni wiki tatu na nusu. Mwaka huu yote nimeiweka kwa ajili yenu. Halafu mdogo wangu ananiuliza kwa nini si Goma, kana kwamba nimemwalika jehanamu!

Goma haiwezekani. Ni mambo ya kazi na mambo ya watoto, na hali ya huko yenyewe unaijua. Tusirudie.

Nimekuwekea picha za nyumba ya Diani. Chumba cha mama ni kile chenye madirisha mawili, na hakuna ngazi hata moja, nilihakikisha.

Kuhusu karatasi: ya Olive usiitafute kwenye ofisi aliyofanyia kazi papa. Narudia, usiende pale. Watakuzungusha bure. Kuna watu wanaotengeneza cheti cha kuzaliwa sehemu nyingine kwa siku mbili, Théogène hakosi kuwafahamu. Usiniulize sababu. Mimi ni mkubwa wako, mara moja tu fanya nilivyosema bila kubishana.

Luc


Goma, tarehe 30 Machi 2026

Luc,

Mama mzima. Olive mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Barua yako ya kunikataza ilifika tarehe 23. Sisi ofisini tulikwenda tarehe 17. Hata kama ingefika mapema ningekwenda vilevile, maana papa alikuwa karani wa pale miaka ishirini na saba, vizazi na vifo vya watu vilipita mikononi mwake, na bado kuna wanaolikumbuka jina lake. Ningemtafutia binti yake cheti kwa watu wa vichochoroni kwa nini?

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi: mimi, mama mwenye nguo zake nyeusi, na watu kama kumi na watano. Olive alikuwa shuleni, namshukuru Mungu kwa hilo. Kwa mtoto asiye na baba wanataka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba, ili mpakani wasiseme umemwiba. Karani ni kijana mwenye miwani. Akatuita, akafungua vitabu, akakaa akigeuza kurasa. Kisha akamwuliza mama kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia:

"Mama, huyu mutoto ulimuzaa mwaka gani?"

"Deux mille treize," mama akasema, 2013, na ni kweli.

"Na bwana yako alikufa wakati gani?"

Nikajibu mimi: "Mwaka jana, mwezi wa pili."

"Hapana. Kitabu kinasema alikufa deux mille onze. Sasa mama, mutoto wa miaka mbili baada ya kifo, ulimutoa wapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Labda ni Roho Mutakatifu," na wakacheka zaidi. Mama yetu, Luc! Mwanamke ambaye hajawahi kukosa Misa ya Jumapili, wanamcheka mbele ya kitabu kama malaya.

Nililipuka. Nilimwambia yule kijana: "Papa alikaa kwenye hicho kiti chako miaka saba baada ya hicho kifo, mpaka deux mille dix-huit! Nani alikuwa anatia sahihi hapa, muzimu?" Nilipiga meza mpaka muhuri ukaanguka. Yeye hakukasirika. Alikigeuza kitabu upande wangu, akaweka kidole.

Tarehe 9 Mei 2011. Baharanyi, karani, ameuawa kwa risasi na watu wasiojulikana. Na mwandiko ni wa papa. Ile B yenye tumbo kubwa aliyokuwa akituandikia juu ya madaftari yetu. Papa ameandika kifo chake kwa mkono wake, kwa wino wake wa bluu, bila kufuta neno. Chini, mahali pa mtu aliyeleta habari ya kifo, kuna sahihi. Ni ya mama.

Nikampandisha mama pikipiki turudi nyumbani. Tulipofika akavua viatu, akaanza kuosha mchele. Nilimfuata nikipiga kelele, nikauliza mara kumi. Alisema maneno mawili tu: "Muulize Luc."

Basi nakuuliza.

Léoncie


Lyon, tarehe 24 Aprili 2026

Léoncie,

Pasaka ilipita kwetu kimya. Natumaini nyinyi mlikula pamoja. Sina habari nyingine za kutanguliza, na hata ningekuwa nazo ungeziruka.

Mwaka 2011 ombi langu la ukimbizi lilikataliwa. Nilikuwa nimewaambia ukweli: mimi ni mtoto wa karani, nimesoma, nimekosa kazi, kwetu kuna vita kila baada ya miaka michache na nimechoka kukimbia. Wakaandika kwamba hayo hayatoshi. Nilipewa nafasi moja ya kuomba tena. Mtu tuliyelala naye chumba kimoja aliniambia kwamba bila maiti hawatakusikiliza. Nikaenda nikasema papa ameuawa kwa sababu yangu. Wakataka karatasi.

Nikampigia papa. Nilimweleza nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Wanataka na muhuri?"

Sikumwomba aandike kitabuni. Niliomba karatasi tu, ya kutuma. Lakini unamjua papa. Maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu cheti kisicho na namba, na namba haipatikani bila kuandika kitabuni. Karani mwingine angegonga muhuri akaenda kunywa bia yake. Yeye alifungua kitabu cha vifo, akajiandika kwa utaratibu, na akamwita mama aje atie sahihi kwa sababu sheria inataka mtu wa kuleta habari. Kisha akarudi kazini kesho yake. Miaka miwili baadaye Olive akazaliwa, na papa hakuweza kumwandika, maana kwa kitabu chake mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Ndiyo sababu Olive hana cheti mpaka leo. Alikuwa anakwambia nini ulipomwuliza? Kwamba fomu zimeisha?

Sasa nakujibu swali lako. Kitabu changu cha kusafiria kimeandikwa: nchi zote, isipokuwa Kongo na nchi zinazopakana nayo. Nikikanyaga Goma nimewaambia mwenyewe kwamba nilidanganya. Mombasa ndipo mahali pa karibu zaidi ninapoweza kufika. Papa alipokufa sikuomba hata ruhusa ya msiba kazini. Ningewaambia amekufa nani? Nilifua mashuka siku ile mpaka jioni.

Unikasirikie, una haki. Lakini nisikilize. Kitabu kile usikiguse. Ukienda mahakamani kukirekebisha, kuna siku karatasi za huko na za hapa zitakutana, na mimi nina mke na watoto hapa. Kuna njia nyepesi. Olive aandikwe kwa jina la mama peke yake, baba hajulikani. Wanawake wengi wanafanya hivyo. Ni karatasi tu, Léoncie. Tunakutana Mombasa, tunafurahi pamoja, halafu baadaye tutatafuta namna.

Nimekwisha kuongea na mama, siku ambayo hukuwepo. Amekubali.

Luc


Goma, tarehe 21 Mei 2026

Luc,

Sikusalimu. Nimeanza barua hii mara nne kwa salamu na kila mara kalamu imekataa.

Barua yako ilifika jana. Mama alikuwa ameshakwenda ofisini tangu tarehe 5. Alingoja niende Birere, akamvalisha Olive sare ya shule, akampeleka. Alimwambia asubuhi ile kwamba wanakwenda kutafuta karatasi ya baharini, na mtoto akaenda akirukaruka. Wakasimama mbele ya yule kijana mwenye miwani. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile. Akauliza baba wa mtoto ni nani. Na mama yetu, na miaka yake hamsini na minane, akasema mbele ya watu wote, mbele ya Olive:

"Mutoto ni wangu. Baba yake hajulikane."

Olive alimwachia mkono akatoka mbio. Alitembea kwa miguu mpaka Birere, peke yake, kwenye msongamano ule wa pikipiki na machukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Nikamwona amesimama kati ya vitenge vyangu, soksi zimejaa vumbi jeusi. Hakulia. Aliniuliza: "Yaya, papa yangu ni nani?"

Nikamwambia ni papa. Papa Baharanyi, nani mwingine. Akasema, "Mama amesema hapana, na mama hawezi kudanganya ofisini." Umesikia? Huyo ni mtoto wa papa kweli, anaamini ofisi kuliko anavyoniamini mimi.

Wiki ile ya mwisho ya papa ni Olive aliyekuwa akimkata kucha. Mimi nilikuwa nahangaika na maji na dawa, mama alikuwa anasali, risasi zinalia huko nje, na Olive amekaa kwenye godoro na kiwembe, anamkata kucha za miguu taratibu, na papa anamwambia hadithi za Bukavu. Leo ana karatasi yenye mstari mtupu mahali pa jina la mtu yule. Tangu siku ile hali chakula alichopika mama. Anakula ninachopika mimi, kwenye sahani yake, amegeukia ukuta. Mama anatoka nje ya chumba ili mtoto ale. Ndani ya nyumba yetu, mama anampisha mtoto wake ale!

Ni karatasi tu, umesema. Kwako wewe ilikuwa karatasi tu? Karatasi ya papa ilikupa nyumba, kazi, mke na watoto wanaokupita mabega. Kama karatasi ni kitu kidogo, chana ya kwako urudi hapa tukae sote bila karatasi.

Wewe peke yako kati yetu ndiye uliyekula matunda ya uongo huu. Papa aliuandika, mama akautia sahihi, Olive sasa anaulipa. Na mimi niliishi nyumba moja na watu wawili waliojua miaka yote hiyo na hakuna aliyeniona kuwa mtu wa kuambiwa.

Ninakwenda tribunal, mahakamani. Nimeulizia: wanahitaji mashahidi wa kifo cha kweli, nao wapo, mtaa mzima ulimzika. Wanahitaji pia maelezo ya kwa nini kitabu kiliandikwa uongo. Hayo unayo wewe. Niambie hapana, nisikie.

Léoncie


Lyon, tarehe 14 Juni 2026

Léoncie,

Nimesoma barua yako bafuni, mlango nimeufunga, ili watoto wasinione.

Sina hapana ya kukwambia. Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Nimeandika kila kitu kwa Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, na nimetia sahihi: kwamba nilidanganya, kwamba papa aliandika kwa ajili yangu, kwamba aliishi mpaka tarehe 3 Februari 2025, na kwamba Olive ni binti yake. Ukiipeleka mbele ya hakimu, kitabu kitarekebishwa. Mimi nitakuwa nimekwisha, lakini kitarekebishwa.

Usipoipeleka, tutaonana Mombasa tarehe 12 Julai kama tulivyopanga. Nyumba ya Diani inatungoja. Nitakaa na Olive mimi mwenyewe nimweleze taratibu, labda kwangu atasikia. Nitamwona mama. Léoncie, naomba nimwone mama kabla magoti hayajamkataza kabisa kutoka nyumbani.

Sijamwambia mama habari za karatasi hii. Sijamwambia Bénita. Nakuachia wewe. Uamuzi wowote utakaouchukua, sitakulaumu.

Kaka yako


Goma, tarehe 1 Julai 2026

Luc,

Sista mmoja wa parokia yetu anasafiri kesho kupitia Kigali mpaka Paris, ameahidi kuitia barua hii posta akishuka tu. Kwa hiyo utaipata kabla hujafunga masanduku.

Umeniachia. Nilisoma neno hilo nikacheka peke yangu dukani, mteja akadhani nimechanganyikiwa. Uliniachia papa mgonjwa. Uliniachia jeneza. Uliniachia mama na magoti yake na Olive na maswali yake. Na sasa unanitumia shingo yako kwenye bahasha, unaniambia nikate au nisikate, nitakavyoamua ni sawa, wewe hutanilaumu. Unataka nikuangamize ili baadaye useme ni Léoncie na hasira zake, au nikuokoe ili Olive aseme ni Léoncie aliyeficha. Vyovyote vile, mikono yako inabaki safi. Unajua kufua, kweli.

Hapana. Karatasi yako nimekurudishia, imo humu, sijaikunja hata mara moja zaidi ya ulivyoikunja wewe. Sitaisoma mbele ya hakimu. Hao waliodanganywa kwanza hawako Goma. Wako hapo kwako, na mlango wao unaujua. Papa alipokufanyia kazi yako alikaa kwenye kiti chake, akaandika kwa mkono wake, na jina lake akaweka. Alikosea, Mungu amsamehe, lakini hakumtuma mtu.

Hatuji Mombasa. Mama nilimwambia jana. Nilidhani atalia, akaniuliza tu kama umeshalipia chumba chenye madirisha mawili, kwa sababu itakuwa hasara. Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Olive, akasimama pale. Hakugonga.

Olive amesema hawezi kuvuka mpaka na karatasi ile, hata kama upande wa pili kuna nini. Mimi niko pamoja naye. Kesi yetu inasikilizwa tarehe 6 Agosti. Nitakwenda na mashahidi wa mazishi na wewe hutakuwemo. Tutasema kitabu kilikosewa na hatujui kwa nini. Nasikia bila maelezo hakimu anaweza kukataa. Basi akatae, tutarudi tena.

Kama una la kusema, sasa unajua pa kulisemea.

Léoncie


Lyon, tarehe 9 Julai 2026

Léoncie,

Bénita anakusalimu. Nilimwambia jana usiku, kila kitu. Hajasema nami tangu hapo, lakini asubuhi alinipigia pasi shati.

Barua yako ilifika jana. Leo nilikwenda kwenye ofisi yao ya wakimbizi na karatasi ile uliyonirudishia. Nilichukua namba, nikakaa kwenye benchi na watu wengine. Nilipoitwa nilisahau Kifaransa chote, nikampa mwanamke wa dirishani karatasi aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama ninaelewa ninachofanya, nikasema ninaelewa. Akaita mkubwa wake. Walichukua kitabu changu cha kusafiria, wakanipa risiti. Wataniita, hawakusema lini, na hawakusema itakuwaje. Kwa hiyo Mombasa hata ningetaka siwezi tena. Mwambie mama. Mimi nitampigia Jumapili, lakini nataka alisikie kwanza kwako, maana kwa simu nitashindwa.

Nimekuwekea nakala iliyopigwa muhuri wao. Mpe hakimu tarehe 6 Agosti. Hiyo si kazi ya kuamua, ni ya kubeba tu, naomba unibebee.

Kitu kimoja zaidi. Kabla sijatoka, yule mkubwa alifungua faili langu la zamani, akaniambia kwamba mwaka ule niliandikisha ndugu mmoja tu, wewe. Akauliza kama kuna wengine. Nikasema yuko mmoja, nina dada mdogo. Akanisukumia fomu na kalamu nimwandike. Mahali pa baba wa mtoto nimeandika jina lote la papa, kwa herufi kubwa, ili mtu yeyote aweze kulisoma.

Luc